Baba Alivyohama Miguuni

Kumtoa baba yangu Miguuni na kumwingiza Mdomoni kuligharimu majogoo wawili na ratili mbili za sukari. Nimehesabu, nikarudia, hesabu ni ileile, na mpaka leo nikikumbuka nasonya.

Enzi zile za Mwingereza, sisi watoto wa kambi ya mkonge huku Kilosa tulicheza mpira wa nyuzi za mkonge, uliowasha miguu kuliko upupu. Tulikula ugali wa posho na maharage yenye wadudu, na hakuna aliyekipiga picha chakula kwanza. Wazazi wetu walitoka Songea, Njombe, Kigoma. Ukiugua kambini huna ndugu wa kukubeba. Ndiyo maana katekista aliwagawa Wakristo makundi, akayaita viungo, kama vya mwili. Macho walitafuta wagonjwa, Mikono walipika na kuchimba makaburi, Miguu walibeba machela hadi hospitali, Mdomo waliongoza nyimbo.

Sisi tuliangukia Miguu. Baba akachukia.

"Nikate mkonge wiki nzima, Jumapili nibebe watu? Wa Mdomo wamekaa tu kwenye benchi!"

Akamwendea mzee wa kanisa aliyetunza orodha, wakapatana. Tatizo, wengine nao walikuwa na majogoo. Kufika Pasaka, Mdomo walikuwa kumi na tisa, Miguu wawili. Nyimbo zilinoga, sikatai.

Masika yakakata barabara, lori halipiti, na asubuhi moja mama akashikwa uchungu, mtoto amekaa vibaya. Mkunga akasema bila hospitali tunawakosa wote wawili. Machela inataka watu wanne. Miguu wawili wakaja, baba akawa wa tatu. Akawakimbilia wenzake wa Mdomo.

"Ndugu, hiyo si kazi yetu," mmoja akamjibu, chai mkononi. "Sisi tutamwombea."

"Mwombee ukiwa umeshika mti wa machela!" baba akafoka.

Aliyekuja ni Mzee Salumu, jirani yetu, Mwislamu, fundi wa mashine ya kuchakata mkonge.

"Shemeji yuko wapi?" akauliza huku akikunja suruali. "Mimi hamkunigawia kiungo. Nina bega tu."

Wakapita tope la magoti, mimi binti wa miaka tisa nikiwafuata na kanga za mama. Mdogo wangu wa kike alizaliwa kabla ya adhuhuri, na mama akapona. Jumapili iliyofuata baba akaomba arudishwe Miguuni. Alirudishwa bure, majogoo walikuwa wameshaliwa.

Siku hizi jumuiya ina fulana za rangi moja na kundi la simu. Nilipougua juzi nilitumiwa picha za viganja vilivyokutana, arobaini na mbili, nikahesabu tena, arobaini na mbili. Mlango haukugongwa hata mara moja. Na sasa vijana wa jumuiya hiyohiyo wanakusanya majina ya waliokuwa viungo vya kanisa letu la kambi, yachongwe ukutani. Kumi na tisa wa Mdomo wamo wote, na baba kati yao. Nikamtajia kijana mwenye fomu jina la Mzee Salumu.

"Shikamoo bibi. Huyo hakubatizwa, fomu haina sehemu yake."

"Marahaba. Basi iongezeeni sehemu."

"Haiwezekani, bibi."

Mdogo wangu, yule aliyezaliwa siku ile, anasema asipoandikwa Mzee Salumu, basi na baba yetu afutwe. Orodha inafungwa Jumapili. Ninyi mliokulia makambini kama mimi, nishaurini: nikamfute baba?