Skilling ya Kurithi

Fedha ya kununua haiponyi. Inayoponya ni ya kurithi. Kila mwanamke wa upande ule wa ghuba alilijua hilo, na Gunnvor aliliamini kuliko wote, maana skilling yake, sarafu ya fedha ya zamani, ilitoka kwa bibi wa mama yake. Kila mtoto wa ukoo alipougua, ilikwanguliwa kwa kisu na ungaunga wake ukatiwa kwenye maziwa ya moto. Sasa ilikuwa nyembamba kama jani, na sura ya mfalme ilishafutika.

Jumatatu Åsne, bintiye wa pekee, alivimba koo. Gunnvor akakwangua. Jumanne akakwangua tena, na bado mtoto alihema kama msumeno.

Mzee Tarjei, mwangalizi wa kanisa, alikuja kuwajulia hali.

"Mzee, wewe umesoma," Gunnvor alimwambia. "Hivi skilling maana yake nini?"

"Wako wanaosema ni ngao. Wengine wanasema ni kipande. Ati zamani watu walikatakata fedha wakalipana vipande. Hakuna mwenye hakika."

"Ni ngao."

"Haya, ngao. Lakini mpeleke mtoto kwa daktari ng'ambo, mwanangu. Sverke ana mashua."

"Nitampa nini? Hii hata dukani waliicheka."

Mficha uchi hazai, na huyu alikuwa amezaa mmoja tu. Hata hivyo alijifungia ndani na kisu chake, aibu imemkaba, mpaka Jumatano asubuhi midomo ya mtoto ilipogeuka rangi. Ndipo akambeba mbio hadi gatini.

"Sverke, sina hela. Ninayo hii tu, tena imekwanguliwa, lakini nakuomba..."

"Hela? Nani kakudai hela, we mama? Mashua iko hapa tangu Jumatatu! Mtoto anakufa, wewe unakwangua skilling? Panda! Panda upesi!"

Sverke alivuta makasia mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Katikati ya maji ule msumeno ukanyamaza. Akaacha kuvuta.

"Mama Åsne..."

"Vuta, Sverke."

"Lakini mama..."

"Nimesema vuta!"

Akavuta hadi ng'ambo, machozi yakimtoka, ingawa hapakuwa tena na haja ya haraka. Walipofika, Gunnvor alimwekea ile skilling kiganjani.

"Siwezi kuichukua," Sverke alisema. "Hiyo ni ya kurithiwa."

Gunnvor alimfunika mtoto uso kwa shali.

"Airithi nani?"