Viatu vya Baba

Dawa ya kusafisha mikono ya siku hizi za korona inanuka kanyanga, ile pombe ya baba. Tumefungiwa ndani hapa Merrylands, ughaibuni, na mjukuu wangu anafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza wa Wazungu wa kale kupitia kompyuta: waume wanawekeana dau mke wa nani ni mtiifu zaidi, na mke mmoja anaweka kiganja chini ya mguu wa bwana wake. Mjukuu mwenyewe ugali hajui kusonga, lakini tuyaache.

Nilipokuwa mtoto kule nyumbani, baba na rafiki zake wawili walibishania hayo hayo, wakinywa. Akaita, “Mama watoto, njoo univue viatu.”

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. “Ulivivaa mwenyewe.”

Rafiki za baba wakacheka. Akaita tena, polepole. Nikakishika kinu kwa mikono miwili; mama akaendelea kutwanga.

Baba akainuka, akatupita na viatu vyake miguuni, akaenda. Hakurudi tena.