Pikipiki Isiyonguruma

Ukiwa juu ya pikipiki ya petroli, mtu akikusemesha una ruhusa ya kutomsikia. Injini inanguruma, upepo unapiga helmeti, nawe unatikisa kichwa tu. Abiria anaridhika. Hicho ndicho nilichokipenda katika kazi ya bodaboda tangu nilipoianza. Wengine wanapenda mwendo, wengine wanapenda kutokuwa na mkubwa wa kuwaamrisha. Mimi nilipenda kwamba ningeweza kubeba watu kutwa nzima bila kuongea.

Huku kwetu Tetu barabara ni za kupanda na kushuka, na waendeshaji wana mazoea yao. Ukifika juu ya mteremko unazima injini, unaiacha pikipiki iteremke yenyewe, ili usichome mafuta bure. Mtu anayechuma chai shambani husikia pikipiki ikipanda kwa kelele, inafika juu, inanyamaza kabisa, halafu inalia tena kule chini baada ya daraja. Kila mtu hufanya hivyo. Mimi peke yangu sikuwa nazima, na wenzangu kwenye steji, pale tunapongojea abiria, walinicheka.

"Huyu ako na kisima ya petroli kwao," mmoja alizoea kusema.

"Ati hata watu wa magari kubwa wanazima, wewe ni nani?"

Sikuwaambia sababu. Injini ikizimwa, abiria anaanza maswali. Utaoa lini? Mbona kanisani unakaa nyuma? Huo mteremko wetu ni mrefu, na mtu akikuuliza jambo pale juu ana muda wa kutosha kungoja jibu.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na shosho, mama mzaa baba. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akaolewa mbali, na shosho akanilea. Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume kwa baba yangu, kwa hivyo nilipewa jina la babu, kama ilivyo desturi. Kwa sababu hiyo shosho haniiti mjukuu. Ananiita mzee wangu, kana kwamba mimi ndiye yule mume aliyemzika. Wanawake wote wa rika lake huwafanyia wajukuu wao hivyo, lakini yeye aliushikilia mchezo huo kwa dhati. Nikiwa na miaka saba aliniuliza, mbele ya majirani, kama namruhusu kuuza ndama. Nilipokuwa darasa la nane alikataa mwaliko wa harusi akisema mzee wake ana mtihani.

"Mzee wangu hasemi mengi," aliwaambia watu. "Hata yule wa kwanza alikuwa hivyo hivyo. Unamtolea chakula, anakula, anaangalia ng'ombe. Lakini alikuwa anasema ile siku ya maana."

Pikipiki yangu ya zamani ilipokufa injini, nilichukua moja ya hizi mpya za stima, zinazotumia betri. Siku za kwanza steji yetu ilikuwa kama baraza. Waliozichukua na waliokataa walibishana mpaka abiria wakasahauliwa. Hatukugombana juu ya kwamba haina mafuta wala oili, na huhitaji kuipiga teke asubuhi kwenye baridi. Hapo sote tulikubali. Shida ilikuwa mambo mengine. Mmoja alilalamika kwamba ukipanda na mtu mnene na gunia la kabichi, ile namba ya betri kwenye kioo inaanguka kama mtu aliyesukumwa. Mwingine alisema kubadilisha betri iliyoisha kwa iliyojaa, mpaka ushuke mjini Nyeri, ni kazi. Kulikuwa na aliyechukia kwamba kampuni iliyotukopesha inaweza kuifunga pikipiki ikiwa mbali, wewe uko nayo shambani.

Lililowachekesha wote lilikuwa kitufe cha kurudi nyuma. Ukikibonyeza, pikipiki inarudi kinyumenyume polepole, kama gari.

"Sasa hii ni ya nini? Nirudi nyuma nikimkimbia nani?"

"Ni ya kuoa. Ukifika kwa wakwe ukikuta wazee ni wengi, unabonyeza."

Kisha kuna yale mazoea yetu ya kuzima. Fundi aliyetufundisha alisema tusizime ufunguo kwenye mteremko, kwa kuwa pikipiki hii ikiteremka inajirudishia moto kidogo kwenye betri. Tulimsikia wote. Lakini mkono ukizoea umezoea. Wenzangu walifika juu ya mteremko, wakazima, wakateremka bila kurudishiwa chochote, halafu wakafika steji wakisema betri hizi ni za uongo. Ni mimi tu niliyekuwa nikifika na moto wa kutosha, kwa sababu sikuwahi kujifunza kuzima. Walinitazama kwa macho mapya, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Siku moja mama mmoja wa kampuni alikuja kutuuliza tunachopenda na tusichopenda. Walimjibu wote kwa pamoja: siti ndefu zaidi, kerea imara zaidi ya kufungia mikebe ya maziwa, taa kali ya ukungu. Alipofika kwangu alingoja. Niliona lazima niseme kitu.

"Sauti," nikasema. "Ingekuwa na sauti."

Steji nzima iliangua kicheko. "Bubu anataka kelele!"

Lakini nilisema kweli. Pikipiki ile ilikuwa imeninyang'anya mahali pa kujificha. Ilipanda kimya na kushuka kimya. Abiria walininong'oneza tu nyuma ya sikio na nikawasikia vizuri, nao walijua nimewasikia.

Shosho naye alikuwa na maoni yake. Jumapili ya kwanza niliyompeleka kanisani aliketi upande, leso imefunika miguu, akaikagua kama anayenunua ng'ombe.

"Hainuki," alisema. "Haitetemeshi magoti. Na hakuna ile bomba ya kuchoma mguu." Ana kovu la bomba ile kwenye muundi, kama wanawake wengi wa huku. "Iko na kosa moja tu. Sikusikii ukija."

Zamani alinisikia nikiwa bado kwenye daraja, akabandika chai, na nilipofika ilikuwa inachemka. Sasa nilikuwa natokea mlangoni kama kivuli, na yeye anashtuka, sufuria bado iko ukutani. Tukakubaliana nipige honi kwenye kona ya mparachichi.

Magoti yake ndiyo yaliyoleta maneno. Baridi ya kwetu ni kali, na ukungu ukishuka kutoka mlimani unakaa. Asubuhi zingine alikuwa akiinuka kitandani kwa kushika ukuta. Shangazi yangu, binti yake, anauza mchele Wang'uru, na huko chini kuna joto. Alikuja mwenyewe kututembelea, akaleta mchele wa pishori ulioifanya nyumba nzima inukie, akasema amepanga chumba. Mama yake angeishi naye huko, aote jua.

Shosho alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi siwezi kutoka kwa boma bila mzee wangu kusema."

Shangazi alicheka, akanigeukia. "Haya, mzee. Unasemaje?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilitaka kusema mambo mengi. Kwamba nikirudi nikute jiko limezimika sitajua nipige honi kwa nani. Kwamba nitamsuguia magoti mimi, nitapasua kuni zaidi. Lakini shangazi alikuwa ananitazama, mchele uko pale, na ni kweli magoti yalikuwa yanamuuma. Mtu anamzuiaje mwenye maumivu asiende kwenye joto kwa sababu tu yeye atabaki peke yake?

"Sawa tu," nikasema.

"Basi sawa," shosho akajibu, akaanza kukusanya vikombe.

Shangazi alitangulia. Wiki iliyofuata shosho alifunga mizigo polepole. Alikuwa akiweka nguo kwenye mfuko, anaitoa, anaikunja upya. Jioni aliniuliza mambo madogo madogo: kama najua kuku yule mweupe hutagia wapi, kama nitakumbuka kuloweka maharagwe. Nikamjibu sawa. Kila swali lilikuwa mlango ameuacha wazi, nami nikapita mbele yake bila kuingia.

Siku ya kwenda ilikuwa na ukungu. Nilifunga mfuko wake kwenye kerea, kikapu chake cha kiondo akakipakata, akaketi upande kama kawaida yake. Nilikuwa nimpeleke mjini, apande gari la Wang'uru, nami nibadilishe betri iliyokuwa imebaki kidogo. Tulipanda hadi juu ya mteremko mrefu. Kule juu nikalegeza mpini wa mwendo na pikipiki ikaanza kushuka yenyewe, kimya. Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye majani. Nilisikia hata pumzi yake.

"Mzee wangu," akasema.

"Eh."

"Yule wa kwanza, siku moja mama yangu aliugua nikataka kurudi kwetu nikakae huko. Nikamwuliza. Alinyamaza mpaka nikafika kwa geti na mzigo kwa mgongo. Ndio akasema, enda, lakini urudi, mimi siwezi hii nyumba peke yangu." Akakisogeza kiondo. "Hiyo tu. Nikabeba hiyo maneno miaka yote. Sasa nauliza, wewe umeniambia sawa tu. Nikifika Wang'uru nitabeba sawa tu?"

Kama ingekuwa pikipiki ya zamani ningetikisa kichwa. Nilitazama barabara. Na hapo niligundua kitu ambacho sikuwahi kukiona katika pikipiki hii. Nilikuwa nimempa mgongo. Haoni uso wangu wala mimi sioni wake, na sihitaji kupaza sauti. Maneno yanaweza kutoka madogo jinsi yalivyo na bado yakafika.

"Shosho, usiende," nikasema.

Pikipiki iliendelea kushuka. Nilifikiri hakusikia, na kwa kitambo kidogo nikafurahi.

"Simamisha," akasema.

Nikashika breki katikati ya mteremko, pale barabara inapopita kati ya ukingo wa udongo na mtaro.

"Umesema nini?"

"Usiende. Nitakukanda magoti. Nitaziba ile nyufa ya dirisha." Hakukuwa na kelele ya kuifunika sauti yangu. "Nyumba bila wewe siiwezi."

Nilisikia kiondo kikihama mapajani mwake. Kisha mkono wake ukaja juu ya bega langu, ukanigonga mara kadhaa, kama anavyomgonga ng'ombe akimaliza kumkamua.

"Mtu huyu," akasema. "Alitaka nifike kwa daraja kwanza. Haya, geuza."

Kugeuza haikuwezekana. Barabara ilikuwa nyembamba na yenye matope, na kumshusha ningemwumiza, kwani goti likishapoa kwenye siti kulikunjua ni shughuli. Nyuma yetu kidogo palikuwa na mdomo wa njia ya kwenda kituo cha kahawa. Nikabonyeza kile kitufe tulichokicheka wote. Pikipiki ikaanza kupanda kinyumenyume, polepole, tumeketi wote wawili, mimi nimegeuza shingo, shosho akinielekeza kwa kiondo.

"Kuja. Kuja. Wacha hapo, kuna shimo. Kuja. Ngai, inarudi kama kaa! Mbona hukuniambia iko na hii?"

"Hukuuliza."

Alicheka mpaka leso ya kichwani ikamwanguka.

Tulipofika kwenye mdomo wa njia, nikaingia humo kinyumenyume, kisha nikaelekeza gurudumu la mbele juu. Shosho alimpigia shangazi simu hapo hapo. Ile pikipiki haina kelele ya kumficha mtu, kwa hivyo nilisikia pande zote mbili. Shangazi alifoka, kisha akalia kidogo, kisha wakapatana: shosho ataenda Wang'uru miezi ya baridi kali, na baridi ikiisha atarudi. "Ni mzee wangu amesema," alimwambia. "Sasa nifanye nini na mimi nimeolewa?"

Betri haikuwa imepangiwa kupanda tena. Ule moto uliorudi tulipokuwa tukiteremka ulitusogeza, lakini mlima wa mwisho ulitushinda. Nilishuka, yeye akabaki juu, nikatembea kando nikizungusha mpini wa mwendo kidogo ili mota inisaidie kusukuma. Tulikwenda mwendo wa mtu anayepeleka ng'ombe maji. Kila aliyekuwa shambani alitusikia, maana shosho hakunyamaza.

"Kwani hujaenda?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka katikati ya chai, kikapu mgongoni.

"Nimerudishwa! Mzee wangu amekataa!"

"Huyo? Huyo anaongeaga?"

"Ameongea leo! Amesema nyumba haiwezi bila mimi!"

Alimwambia huyo, akamwambia mzee wa maziwa, akawaambia watoto waliokuwa wakitoka dukani na mkate. Masikio yangu yaliwaka moto. Nilitamani injini, ile ya zamani yenye bomba bovu, ingurume imfunike. Lakini hapakuwa na sauti nyingine barabarani ila yake, na hatua zangu kwenye kokoto. Tulipofika kwenye kona ya mparachichi nilipitisha mkono mbele yake nikapiga honi kwa mazoea.

"Ya nini?" akauliza. "Si niko hapa?"