Kidole cha Mama Asma

Nuru anauza mchele sokoni Kasongo, na meza yangu ya chumvi na sabuni iko kando ya yake, kwa hiyo msiniulize nilijuaje. Mwanawe wa kwanza alimzika akiwa na miaka minne. Wa pili, Soraya, ana saba, na maumivu ya mifupa yakimshika, analia mpaka mtaa mzima unanyamaza.

Jean-Marie, muuguzi wa maabara, aliwapima Nuru na mumewe Moustapha. Wenyewe hawaumwi, lakini kila mmoja amebeba selimundu, ugonjwa huo wa mifupa, kwenye damu yake, na mtoto akiurithi kwa wote wawili ndipo huumwa. Akawaambia ziko hospitali za mbali ambako yai la mama na mbegu ya baba hukutanishwa kwenye chupa, mimba inapimwa ikiwa bado changa kabisa, na ile isiyo na ugonjwa ndiyo inayowekwa tumboni. Tangu siku hiyo Nuru hakuwa na wimbo mwingine. Alitaka mtoto mmoja tu asiyelia mifupa.

Mama mkwe wake, Mama Asma, hakutaka kusikia.

"Mutoto wa chupa? Ugonjwa iko kwa Nuru. Moustapha ataoa binti wa kaka yangu, kule Wamaza. Damu ya kwetu iko safi."

Aliyasema hayo Nuru akiwa amekaa palepale, kama vile ni gunia. Mimi ningemjibu. Nuru alisema tu, "Sawa, mama. Lakini huyo binti apimwe kwanza."

Mama Asma alikubali huku akicheka. Binti akaletwa kwa pikipiki, na ili asiogope sindano, Mama Asma akatangulia kutoa kidole chake mwenyewe. Majibu hayakuchelewa. Binti amebeba ugonjwa. Mama Asma naye amebeba.

"Huenda Moustapha aliutoa kwako, mama," Jean-Marie akamwambia kwa upole.

Nuru aliponisimulia nilifurahi, sifichi. Kisha akanieleza yaliyofuata, na furaha ikanitoka. Mama Asma alizika watoto wawili kule Lusangi, wote walilia mifupa. Kwa miaka arobaini alisema mke mwenzake, Mwamini, ndiye aliyewaroga, na kwa neno lake mume wao alimfukuza Mwamini akiwa na mtoto mgongoni.

"Wale wangu wawili," alimwuliza Jean-Marie, "ilikuwa hii?"

"Inaonekana ilikuwa hii, mama. Na marehemu baba yao alikuwa nayo pia."

Wakarudi nyumbani. Hapo Mama Asma akamwita Moustapha.

"Hakuna kuoa. Mutafute njia, muende hospitali ya mbali, fasi ile wanapima mutoto wa chupa."

Nuru alipiga magoti kumshukuru. Mama mkwe akamshika mkono, akamwinua.

"Usinishukuru. Munitafutie pikipiki ya Lusangi. Banasema Mwamini iko bado muzima kule."