Gari Langu Mbele ya Geti la Shule

Leo mtoto wa watu nusura agongwe, na gari lililomficha ni langu.

Ndiyo, mimi. Yule yule niliyesimama kwenye kikao cha wazazi nikasema magari yasiegeshwe mbele ya geti. Mlinipigia makofi.

Asubuhi hii hapa Mbinga mvua ilikuwa kubwa. Nikaegesha palepale kwenye zebra, nikasema ni dakika moja tu.

Mwanangu alikuwa ndiyo anashuka. Binti wa darasa la kwanza akatokea nyuma ya gari, anakimbia. Bodaboda akashika breki, akateleza, akaanguka na pikipiki yake. Mtoto hakuguswa. Alisimama tu katikati ya barabara, analia.

Nikashuka nafoka: "We kijana, huoni watoto?"

Akainuka, mkono unavuja damu.

"Dada, ningemwonaje? Gari lako limeziba."

Akainua pikipiki, akaondoka.

Mchana, shule ilipotoka, nilimrudisha yule binti kwao. Mama yake alikuwa ameshasikia kuwa bodaboda nusura amgonge mwanawe; akaacha maharage aliyokuwa anachambua, akanishika mikono yote miwili.

"Asante sana, mama. Hawa bodaboda watatumalizia watoto."

Jamani, hapo ningeweza kunyamaza.

Nikamwambia ukweli wote. Hakunitukana. Alimvuta bintiye karibu, halafu akaniuliza: "Yule kijana anaitwa nani? Nikampe pole."

Sikujua. Wala sikuwa nimemuuliza.

Anavaa jaketi la bluu, pikipiki yake nyekundu. Anayemfahamu, naomba anielekeze kwake.