Majani ya Mbao Yaliyonitoa Kwenye Mawe

Mvua ya mawe niliiona mara ya kwanza nikiwa mtoto wa kuvaa shati peke yake, huko Mitaboni kwa susu, yaani nyanya yangu mzaa baba. Watu wazima walikimbilia ndani, susu akakimbilia nje. Aliokota ile barafu kwa mikono yote miwili, akajaza kibuyu, akakiziba kwa gunzi la mahindi na kukitundika jikoni juu ya mafiga, mahali alipokuwa anaweka kila kitu cha maana. Shangazi yangu alikuwa anakuja Jumapili kutoka Kivaa, na watu wa Kivaa, susu alisema, hawajawahi kuona ajabu kama hii.

Jumapili ikafika. Shangazi akakalishwa, akapewa uji, kibuyu kikateremshwa kwa heshima zote. Gunzi likatolewa. Yakamwagika maji, tena maji yenye harufu ya moshi.

“Mwaitu,” shangazi akamwambia mama yake, “umenitembeza kutoka Kivaa nije kuonyeshwa maji?”

Hakumwamini tena maisha yake yote. Na susu alikuwa mtu ambaye hata akiuza mbuzi anamwambia mnunuzi ni jino gani linamuuma. Mimi niliyaona yale mawe kwa macho yangu, lakini ushahidi wa mtoto nani anauchukua? Nilimwonea huruma susu. Shangazi alipoondoka nikaondoka naye, kwa sababu mume wake alitaka mtu wa kumchungia mbuzi. Na huyo mume ndiye ananifanya nianzie huko mbali, maana alikuwa mchongaji. Alinipa ngomo, kile kishoka kidogo cha kuchongea, akaniambia, “Mbuzi wakila, wewe chonga. Wakipotea, nitakuchonga wewe.”

Hivyo ndivyo nilijifunza. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo msomaji akiona nazunguka avumilie, hii ndiyo barabara ninayoijua.

Nilichonga twiga, nikachonga faru, nikachonga vile vichwa vya wazee wenye masikio marefu ambao hata sijui ni wazee wa wapi. Halafu nikaoa, ukame ukaja, wanunuzi wakapungua, nikaenda kuvunja mawe Lukenya. Nilisema nitakaa msimu mmoja. Nilikaa mpaka watoto wakanipita urefu. Mawe ya Lukenya hayana ubaya, nyumba nyingi zimesimama kwa sababu yake, lakini vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Siku moja mke wangu aliniambia, “Baba watoto, wewe sasa unakohoa hata ukicheka. Uache kucheka ama uache mawe.”

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Wakati huo huo nikasikia kikundi cha wachongaji pale Machakos mjini, wenye banda nyuma ya soko, kimeletewa oda kubwa na kinatafuta mikono. Nikaenda. Mwenyekiti wao alikuwa mtu mnene, fundi wa twiga hasa, na tulikuwa tumejuana tukiwa vijana. Alishika viganja vyangu akavigeuza.

“Hii si mikono tena,” akasema. “Hii ni kokoto. Chukua msasa.”

Msasa ni kazi ya kulainisha mbao, kazi anayopewa mtu ambaye hakuna anayetaka kumpa kisu. Sikukasirika. Tulielewana hivi: nifanye wiki mbili. Oda ikipita, nitakuwa mwanachama wa banda. Isipopita, kila mtu arudi alikotoka. Nikamwendea nyapara wangu Lukenya kuomba ruhusa. Yeye alikuwa mtu wa kucheka kwa pua.

“Jumamosi ya pili asubuhi kama hauko hapa, nafasi yako iko na mtu,” akasema. “Lakini utakuwa hapa. Wote wanarudi.”

Sasa hiyo oda yenyewe. Aliyeileta alikuwa mama mmoja wa Nairobi, wa kutembea haraka na kuongea haraka, anayenunua vitu vya mikono na kuvituma ng'ambo. Alifungua katoni mezani, akatoa picha ya mlango wa nyumba ya wazungu umetundikwa majani mekundu, ya manjano, ya rangi ya kutu. Akatueleza kwamba huko kuna majira miti inageuka rangi yote kwa pamoja kisha majani yanaanguka. Vitabuni wanaita vuli, lakini vuli ya kwetu ni mvua na mahindi mabichi, kwa hivyo sisi pale bandani tuliita tu wakati wa majani kufa.

“Mama,” mwenyekiti akauliza, “mtu anapamba nyumba na majani yaliyokufa kwa nini?”

“Baridi inakuja, wanaaga joto.”

“Sisi yakianguka tunafagia.”

“Hata wao wanafagia. Halafu wananunua yenu ya mbao.”

Tulicheka mpaka muuza nyanya wa upande wa pili akachungulia. Kisha mama akatuonyesha kazi. Kulikuwa na chupa za rangi za kunywewa na mbao, kulikuwa na wino mzito usiokauka upesi, na kulikuwa na mikebe ya unga wa dhahabu, laini kuliko unga wa ngano. Unachora mishipa ya jani kwa wino, unanyunyiza unga ukiwa wino bado mbichi, unakung'uta, unabaki ule ulioshika. Halafu unaupa joto. Unga unayeyuka, unainuka, unang'aa, na ukipitisha kidole unasikia mishipa kama ya mkono wa mtu. Alituonyesha jani moja lililofanywa tayari kwenye karatasi. Joto lenyewe, alisema, huko wanatumia mashine ya stima ya kupuliza hewa ya moto. Banda letu halikuwa na stima hata ya taa.

“Mtatafuta njia,” akasema. “Ijumaa ya wiki ijayo nataka kuona majani kumi na mawili safi. Kama hayatakuwa safi, katoni hii inaenda kwa wengine.”

Hapa lazima niwaseme wenzangu na mimi mwenyewe nikiwemo. Mchongaji wa kwetu hawezi kutoa kitu mkononi kabla hajakipaka polishi ya viatu. Ni kama mama kumpeleka mtoto kanisani bila mafuta usoni. Majani yalichongwa kwa jakaranda, membamba, mazuri, mimi nikayasugua kwa msasa mpaka yakateleza, na mwenyekiti akapitisha polishi juu ya kila moja, akasugua kwa kitambaa yakang'aa kama viatu vya askari. Ndipo tukaleta wino. Wino ulikataa. Ulijikunja vidonge vidonge juu ya mbao kama maji juu ya jani la nduma. Unga ukishika hapa, pale unamwagika. Na yale machache yaliyoshika tukayapeleka juu ya jiko la makaa, moshi ukayafanya meusi. Tuliharibu majani ya siku tatu nzima. Jumanne ya wiki ya mwisho mwenyekiti akaanza kurudisha chupa kwenye katoni.

“Hii ni kazi ya watu wenye mashine,” akasema. “Mimi niko na twiga wangu.”

Yeye alikuwa na twiga wake. Mimi nilikuwa na nini? Niliona barabara ya Lukenya mbele yangu na lile vumbi jeupe. Nilikuwa nimeshika jani moja lililovunjika kikonyo, ambalo halikuwa limepakwa polishi kwa sababu lilikuwa la kutupwa, na tone la wino lilikuwa limeliangukia. Tone halikujikunja. Lilikuwa limelala vizuri, limetulia, bado bichi.

“Mwenyekiti,” nikasema, “ni polishi.”

“Nini?”

“Polishi ndiyo inafukuza wino. Tuache mbao ikiwa kavu.”

Aliwageukia wengine. “Leo msasa umeongea!” Wakacheka. “Bwana kokoto, sisi tumepaka polishi tangu wewe unavunja mawe. Unataka tupeleke kitu uchi?”

“Nipe mkebe mmoja wa unga na majani ya kutupwa. Basi.”

Nadhani alinipa ili ninyamaze. Nikakaa nje kando ya banda na jiko langu. Unga ulishika, tena ulishika wote. Joto ndilo lilinitesa. Sisi tunachoma madoa ya twiga kwa chuma kilichoiva moto, kwa hivyo nikachukua kile chuma nikagusa unga. Ukanasa kwenye chuma wote, ukanuka kama kitana kilichoungua. Nikajaribu tena, ukanasa tena. Ndipo nikafikiri, na mimi si mtu wa kufikiri haraka, kwamba ukikaa kando ya moto unaota bila kugusa moto. Nikaomba jembe bovu kwa muuza nyanya, nikalitoa mpini, nikaliweka kwenye makaa mpaka likawa jekundu. Nikalishika kwa koleo, nikalipitisha juu ya jani, juu tu, kama upana wa vidole viwili, bila kugusa.

Unga ukatetemeka. Halafu, aiyaa, ukageuka! Ule uliokuwa vumbi ukawa maji, maji yakawa dhahabu, mshipa mmoja baada ya mwingine, ukilifuata jembe linakoenda. Nilipiga kelele. Sitasema nilinena nini, lakini muuza nyanya alikuja mbio akidhani nimeungua.

Jumatano, baada ya kuliona jani langu, mwenyekiti aliamuru polishi yote ikwanguliwe. Hakuniomba msamaha na sikungoja aniombe. Lakini bado kulikuwa na jambo. Majani ya wenzangu yalikuwa mazima mno, rangi moja kutoka ukingo mpaka ukingo, kama sahani. Nyuma ya choo cha soko kulikuwa na mibarika imejiotea, na jani la mbarika lina vidole kama yale ya kwenye picha. Nikaenda nikaokota yaliyokauka nusu, nikayapanga chini nikayatazama. Jani halifi lote kwa pamoja. Linaanzia ukingoni. Karibu na mshipa panabaki kijani kidogo kinachokataa, na katikati kuna madoa kama ya mkono wa mzee, na mdudu amepita akala mahali alipotaka. Nikapaka rangi ya kutu ukingoni kwanza kwa kitambaa kilicholowa, nikaiacha itambae yenyewe, kisha manjano ikutane nayo njiani. Kwa ncha ya chuma cha moto nikaunguza kingo, na katika jani moja nikatoboa tundu dogo, la mdudu.

“Unaharibu!” mwenyekiti akapiga kelele.

“Naliua,” nikamwambia. “Si limekufa?”

Ijumaa yule mama alikuja na haraka yake. Tulikuwa tumeyapanga kumi na mawili mezani juu ya gunia safi. Hakusalimu vizuri hata. Alichukua la kwanza akalipindua, akapitisha kidole gumba juu ya mishipa, akalirudisha. La pili vilevile. Mimi nilikuwa nakaza kifua nisikohoe. Akafika kwenye lile la tundu, akaliinua kuelekea mlangoni, mwanga ukapita.

“Nani ametoboa hili?”

Mwenyekiti akatazama miguu yake. Wote wakatazama miguu yao.

“Ni mimi, mama,” nikasema. “Mdudu amekula hapo.”

Alinitazama, akatazama tundu, akanitazama tena.

“Huyo mdudu,” akasema, “nataka ale yote. Si sawasawa, ale jinsi mdudu anavyokula. Na haya mengine, nani amepaka?”

Sasa ndipo mwenyekiti alipopata sauti. “Huyu! Huyu ndiye fundi wetu wa majani!” akasema, kana kwamba ndiye alinizaa. Bandani kulilipuka. Watu walipiga meza, chupa moja ya wino mwekundu ikaanguka ikaniogesha mikono, na muuza nyanya aliingia kudai kwamba jembe lilikuwa lake, asisahauliwe. Mama alisema oda imepita, na miaka mingine wakati wa majani kufa atarudi. Akarudi kweli, miaka mingi, na tulimtengenezea majani, tukamtengenezea na mbegu za mialoni, miti ya huko ng'ambo, ambazo hata leo sijaziona zikiwa mtini. Lakini siku ile, alipoondoka, mwenyekiti alivuta kigoda chake mwenyewe akakiweka mbele ya jiko. “Kaa hapa,” akaniambia. Halafu akainama akaokota msasa akaanza kusugua jani. Mtu mnene, fundi wa twiga! Nilitaka mke wangu aone.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya pili. Sikulazimika kwenda Lukenya, lakini mtu hatoki mahali kama mwizi. Nilifika jua likiwa linapanda. Nyapara aliponiona alicheka kwa pua.

“Nilisema nini? Wote wanarudi. Shika nyundo, uende upande wa chini.”

“Sijarudi. Nimekuja kuaga.”

Akatazama mikono yangu, ilikuwa bado myekundu mpaka kwenye viwiko. “Umechinja nani?”

“Ni wino. Natengeneza majani.”

“Majani ya chai?”

“Ya mbao. Yaliyokufa.”

Alicheka mpaka akashika magoti, na baadhi ya wavunja mawe wakacheka pia. “Mmesikia? Mzee anatengeneza majani yaliyokufa! Jumatatu utakuwa hapa. Kama si Jumatatu, ni Jumanne.”

Niliwapitia wale niliovunja nao mawe, mmoja mmoja, nikawapa mkono, na wawili watatu wakabaki na wekundu wangu kiganjani wakiutazama. Kisha nikageuka nikashika njia ya kuteremka. Nyapara alikuwa bado anasema, ananiitia Jumatano, ananiitia Alhamisi. Niliendelea kutembea, na sijakanyaga pale tena.