Hotuba Niliyomsomea Bwana Odero

Bwana Odero alifariki mwaka ule gugumaji lilipofunika ghuba ya Kisumu, naye alikuwa amestaafu miaka michache tu. Ofisini kwetu Nairobi, tulikochapisha vitabu vya shule, alikuwa mhariri wa sayansi. Sijapata kufanya kazi na mtu aliyependwa kama yeye. Alisoma sana na kukumbuka mengi, lakini hakumfanya mtu ajione mjinga. Jaribio lolote la kitabuni alilifanya kwanza mwenyewe, ndiyo maana meza yake ilijaa maharagwe yanayoota kwenye pamba, na siku moja alituunguzia pazia kwa lenzi. "Jaribio likikataa," alituambia, "mtoto hatalaumu kitabu. Atajilaumu yeye." Mkurugenzi alinituma nikasome hotuba ya ofisi mazishini, kwa kuwa mimi nilifunzwa kazi na marehemu.

Jioni ya Ijumaa nilipanda treni ya Kisumu na hotuba yangu mfukoni. Sote tuliamini kwamba Bwana Odero hakuwa na mke wala mtoto. Aliishi peke yake, hakuzungumzia mambo ya kwao, na kila mwisho wa mwezi alipokwenda nyumbani tulimtania kwamba anakwenda kuwaona ng'ombe wake. Alicheka nasi, basi. Kwa hiyo nilikuwa nimeandika: "Hakujaliwa mtoto, lakini kila aliyesoma sayansi katika nchi hii ni mwanawe." Sentensi hiyo niliipenda mno. Mwalimu mmoja niliyekaa naye behewani aliniomba nimsomee, akasema watu watalia. Nami nikaona kweli watalia.

Muhoroni kulikuwa kumekucha. Matrekta ya miwa yalisubiri treni ipite, na harufu tamu iliyokaribia kuoza ya kiwanda cha sukari iliingia madirishani. Niliirudia sentensi ile kimoyomoyo nikitafuta mahali pa kutua sauti.

Kisumu nilipokewa na Mzee Were, rafiki wa marehemu tangu shuleni, aliyekuwa ofisa wa serikali na sasa anaishi Milimani. Kabla ya kushika barabara ya Ahero alinipitisha ufukweni nione ziwa. Sikuliona ziwa. Niliona majani mabichi hadi upeo wa macho, kama shamba, na mitumbwi imekwama katikati. Mzee Were alisema kwamba tangu Odero arudi nyumbani, wavuvi walimfuata awaeleze mmea huo umetoka wapi na unataka nini, naye aliwachorea mizizi yake mchangani. Tukiwa njiani aliniuliza kama angeweza kuisikiliza hotuba yangu kwanza.

"Utaisikia pale pale, Mzee," nilimjibu. Sikutaka kuipunguzia ladha.

Adhuhuri tulifika nyumbani kwa marehemu, mbele kidogo ya soko la Pap Onditi. Watu walikuwa wamejaa chini ya maturubai mpaka kwenye ua wa jirani. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyenyoa nywele, alininawisha mikono na kuniwekea ugali na samaki. Alisema anaitwa Atieno, ni mwalimu. Aliniuliza kama Baba alikuwa anakula vizuri Nairobi, maana yeye kila mara alikuwa anasema amekula. Nilimjibu kwamba alikula vizuri. Sikulitilia maanani neno Baba. Huku kila mwanamume mzima huitwa Baba. Kisha niliuliza kama kuna maji ya kunywa, nikaendelea kula.

Saa ya hotuba mchungaji aliniita. Nilisoma vizuri, hilo najua. Nilipoifikia sentensi yangu nilitua, nikainua macho nione wanaolia. Hakuna aliyelia. Mnong'ono ulipita chini ya maturubai, na Atieno, aliyekuwa amekaa karibu na jeneza, aliinuka akaenda zake nyuma ya nyumba. Dada mkubwa wa marehemu alisema jambo kwa Kijaluo, bila kupaza sauti. Mzee Were alinishika mkono akanitafsiria.

"Anauliza, kama hakuna mtoto, nani amemuuguza na kumfumba macho."

Ndipo aliponieleza. Ndugu yake Odero alifariki Atieno akiwa bado ananyonya, na muda mfupi baadaye mama yake naye akafuata. Odero alimchukua, akamlea kwa msaada wa dada yake, akamsomesha mpaka akawa mwalimu. Treni zile za kila mwisho wa mwezi zilikuwa za kumwona yeye. "Kwetu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako," Mzee Were alisema. "Na mwanamume kuzikwa akiitwa tasa, hiyo ni kitu mbaya sana."

Nilimfuata Atieno nyuma ya jiko. Nilitaka kumwambia kwamba ofisi haikujua, lakini nilikumbuka alivyoninawisha mikono, nikasema tu kwamba naomba radhi. Hakulia. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi.

"Hiyo maneno ulisema mbele ya watu," alisema. "Usiniombe msamaha huku nyuma."

Nilirudi nikamwomba mchungaji kipaza sauti. Safari hii sikuwa na karatasi. Nilisema kwamba nimesema uongo mbele ya jeneza. Kwamba Bwana Odero ameacha mtoto, jina lake Atieno, mwalimu. Na kwamba sikujua kwa sababu sikuuliza, na leo mchana nimekula chakula chake bila kuuliza. Mzee Were alitafsiri. Dada mkubwa wa marehemu aliitikia kwa kichwa mara moja, na Atieno akatoka nyuma ya nyumba. Yeye ndiye aliyetangulia kutupa udongo kaburini.

Jioni, nilipoaga, alinipa mkono. "Sasa umesema ukweli," aliniambia. "Lakini ile ya kwanza watu walisikia pia." Nilitaka aongeze neno. Aligeuka akarudi kwa wageni.

Jumatatu nilikuwa ofisini. Waliniuliza kama hotuba ilipokewa vizuri, nikawaeleza yote, nao wakainamisha vichwa, maana ule utani wa ng'ombe ulikuwa wetu sote. Mkurugenzi alisema kwa huruma kwamba hata hivyo sentensi yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kweli. Ndiyo maana sikutaka kumsomea mtu yeyote ambaye angeweza kuniambia kwamba si kweli.